Ngumi Mbili za Chumvi

Jumamosi iliyopita, kwa binti yangu kule Hewa Bora, mjukuu wangu alitimiza miaka minane, wakaleta keki. Keki ya chokoleti, tabaka mbili, katikati imejaa jamu ya fraise, yale matunda madogo mekundu, inayochuruzika pembeni. Wakanikatia kipande kikubwa kama vile nimetoka shamba. Harufu ya kakao ilipopanda puani, nikarudisha sahani mezani. "Kambo, uko mugonjwa?" mtoto akaniuliza, maana kwetu bibi huitwa Kambo. Nikamwambia daktari amenikataza sukari. Uongo mtupu! Sina sukari, sina presha, meno yangu mwenyewe yako mdomoni. Ila mimi na keki ya namna ile tuna kesi yetu ya zamani, na nyinyi mliokulia katika kambi za wafanyakazi wakati wa ukoloni, mji ungali ukiitwa Elisabethville, mtaielewa upesi kuliko hawa watoto wa leo.

Nilipokuwa na umri wa mjukuu wangu huyo, niliamini jambo moja kwa moyo wangu wote: kwamba Mungu amenipa mkono wa chumvi. Nani angenibishia? Mama alikuwa mpishi hodari, majirani walikuja kuomba hata ukoko wa chungu chake, lakini kila mwezi zilifika siku tatu au nne ambazo hakuweza kumaliza chakula bila mimi. Niko nje nacheza, nasikia Mama ananiita: "Njo, mama! Njo uweke chumvi!" Naacha mchezo, napita katikati ya wenzangu kifua mbele. Nachota ngumi moja katika kopo, natumbukiza katika sombe ya majani ya mihogo au katika samaki, nakoroga. Mama huwa amegeuza uso ukutani mpaka nimalize. Binti wa jirani naye aliitwa na mama yake mara moja moja, lakini yule nilimdharau. Nilijua yake ni ya kubahatisha.

Nyinyi sababu mnaijua. Mwanamke aliye mwezini hatii chumvi katika chakula cha mumewe. Akitia, mume atakohoa mpaka kifua kimkauke. Kule vijijini alikuwa hagusi hata moto, kuna dada na mashemeji wa kumpikia. Kambini dada atatoka wapi? Basi wanawake wa mjini wakaipunguza mila, wakabakiza chumvi tu, na chumvi wakamwachia mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo. Naye mtoto haambiwi neno. Anaitwa, anatia, anarudi kucheza.

Aliyekuwa akinichanganya ni Kambo wangu mwenyewe, mama mzazi wa baba yangu, Papa. Alikuwa akija kutoka Kasenga juu ya lori la samaki, nguo zote zinanuka moshi wa kukaushia, anakaa kwetu wiki mbili. Akisikia naitwa kutia chumvi, anafyonza mpaka midomo inalia. "Hata huu mwezi tena!" anasema, halafu anamtazama Mama kuanzia tumboni. Mimi nikadhani ni wivu. Nikasema moyoni, maskini bibi huyu, mkono wake umeishiwa nguvu, sasa hapendi kuona wa mwenziwe.

Kumbe Kambo alikuwa anahesabu miezi. Mimi nilikuwa mtoto pekee wa nyumba ile, tena msichana, na baada yangu tumbo la Mama lilinyamaza. Mwaka ule Kambo alikuja na neno lake limeiva: amempata binti kule Kasenga, mtoto wa watu, mwenye adabu, na mvua hazitaanza kunyesha kabla hajamleta kwa mwanawe. Alilisema mbele ya Mama huku anachambua samaki, kama mtu anayezungumzia bei ya unga. "Weye utabakia muke mukubwa. Hakuna mwenye anakufukuza. Atakusaidia kazi." Mama akaitika, "Ndiyo, mama," akatoka nje. Nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya nyumba amejiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa, analia bila sauti. Niliogopa, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona Mama akilia.

Papa alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mtu wa kalamu mbili mfukoni na viatu vinavyong'aa. Kwa mama yake hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kumwambia mama mzazi hapana kulimshinda, na mtamlaumu vipi? Aliyeona njia ni Mama. Wakati ule Wazungu walikuwa wakitoa ile karte, kadi ya heshima, kwa Mwafrika waliyemwona amestaarabika. Mnaikumbuka. Mwenye nayo alitembea katika mji wa Wazungu jioni bila kuulizwa na polisi, na watu walimwinukia kanisani. Mama hayo yote hakuyajali. Yeye alishika neno moja tu, alilolisikia kule foyer, ile nyumba ambamo wanawake wa kambi walifundishwa kushona na kupika: mwenye karte ni mtu wa mke mmoja. Akioa wa pili, karte inarudi kwa wenyewe.

Akamng'ang'ania Papa aombe. "Kwako itakuwa heshima," alimwambia asubuhi moja, mimi niko chini ya meza natafuta kishikizo. "Kwangu itakuwa kubakia peke yangu katika hii nyumba. Omba, baba. Nakulilia." Papa akaomba.

Sasa, karte haikutolewa hivi hivi. Kwanza wakaguzi walikuja nyumbani kutazama mnaishije. Walifungua makabati, walichungulia choo, waliinua shuka kuona chini yake, walimuuliza mke kama anakula mezani na mumewe au jikoni na watoto. Mama akaambiwa siku: Jumamosi, saa kumi alasiri, atakuja Bwana mmoja wa kamati pamoja na Mademoiselle, mwalimu wake wa foyer. Mama akaamua kuwapikia keki ambayo huyo Mademoiselle aliwafundisha, ile ya chokoleti yenye fraise katikati. Aliniambia, "Wakiikula hii, mama, hawataweza kutukatalia." Mimi nikaamini, na nadhani hata yeye aliamini.

Basi tazameni kazi. Tanuri hatukuwa nalo. Tulikuwa na babula, jiko letu la makala, ndiyo makaa, na sufuria mbili zinazofanana, moja ya kuazima. Makala chini, kifuniko, makala juu yake. Kakao ilitoka katika duka la Mgreki, kopo dogo ambalo Mama alilifungua kama anafungua dawa. Ulikuwa msimu wa baridi, na fraise zililimwa katika bustani za Wazungu kando ya mto. Mtunza bustani mmoja wa upande wa kwao Mama akamletea kikapu kimefunikwa majani ya ndizi. Tulizitoa vikonyo mimi na yeye, tukazichemsha na sukari mpaka zikashikana, na nyumba nzima ikanuka utamu hata paka wa jirani akaja kulala mlangoni.

Mama akaanza kupiga unga. Siagi, sukari, mayai moja moja, kakao. Alikuwa anataja kila kitu kwa sauti ndogo, kama anasali, kwa kuwa alikuwa ameishika kwa kichwa. Akafika kwenye chumvi. Akasimama. Akaniangalia, akaangalia chini. "Aa, leo ya leo!" akasema peke yake. Nilidhani anaisifu siku yenyewe. Halafu akaniita, ijapokuwa nilikuwa nimesimama karibu yake kabisa: "Njo, mama. Weka chumvi." Akageukia ukuta kama kawaida yake.

Hakunitajia kiasi. Hajawahi kunitajia. Mkono wangu aliujua, na mimi niliujua zaidi. Nikawaza: katika chungu cha watu watatu natia ngumi moja. Leo kuna wageni, tena Wazungu, tena wameshika karte ya Papa, na wakifurahi Mama hatalia tena nyuma ya nyumba. Nikatia ngumi mbili. Nilizijaza kweli kweli, chumvi ile ya zamani, nene, ya kijivu. Nikakoroga mpaka mkono ukaniuma, nikasema, "Tayari." Mama akageuka, akasema, "Aksanti, mama yangu."

Mtauliza, hakuonja? Mwanamke yule alionja hata maji ya kunawia! Lakini Mademoiselle alikuwa amewafundisha kwamba mwanamke mstaarabu harambi mwiko, na siku ile Mama alitaka kuwa mstaarabu kuanzia unyayo hadi utosi. Mimi mwenyewe nilinyoosha ulimi, akaninyang'anya mwiko, akauosha. Jamu tu ndiyo niliyoipata, kidole kimoja. Na keki nzima, ikishapangwa tabaka juu ya tabaka, nani angethubutu kuikata kabla ya wageni?

Ilitoka nzuri, jamani. Nimeona keki nyingi baada ya hiyo, za harusi, za maaskofu, lakini nzuri kama ile, sijaiona. Nyeusi, imesimama, mstari mwekundu umezunguka katikati kama mshipi. Papa alipoiona alivua kofia.

Wageni wakafika saa kumi kamili. Bwana alikuwa mnene, mwenye masharubu ya rangi ya tumbaku, faili kwapani. Hakusema Kiswahili. Mademoiselle alikuwa mwembamba, Kiswahili anakijua, anamwita Mama "mama" kwa upole. Walipitia kila kitu. Bwana alifungua kabati, akahesabu uma. Akaenda chooni, akarudi, akaandika. Akauliza kama Mama anakula mezani. Mama akajibu kwa Kifaransa alichokuwa amekariri wiki nzima, "Oui, Monsieur, tous les jours," kwamba ni kila siku, na Bwana akatabasamu. Nilimwona Papa anapumua. Wakakaa. Mama akakata keki kwa mkono uliotulia kabisa, akagawa, akajikalia karibu na Papa. Mimi nilisimama pembeni ya kabati na gauni langu la Pasaka, nikingoja sifa.

Bwana akakata kipande kwa uma, akakitia mdomoni. Akatafuna mara moja. Akaacha kutafuna. Masharubu yakabaki yamesimama, macho yakajaa maji, akanyoosha mkono kutafuta kikombe cha chai, akakimaliza chote kwa mkupuo. Mademoiselle alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Papa alikuwa amekwisha kutia chake. Niliona mishipa ya shingo imemtoka. Akameza. Akakata kingine, akala. Mama peke yake ndiye hakuwa ameonja, alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, na rangi ya uso wake ikawa kama majivu.

"Mama," Mademoiselle akasema taratibu, "nani alipima chumvi?"

Mimi nikaona sasa ndiyo zamu yangu. Nikatoka pale kwenye kabati.

"Ni miye! Ni miye niliweka! Mama haiwekake chumvi siku zingine. Kila mwezi ananiitaka miye. Akiweka yeye, Papa atakohola mpaka kufa!"

Mawe, ole wangu! Hilo la kukohoa nililisikia wapi? Labda kwa yule binti wa jirani. Sijui. Ninachojua ni kwamba nililisema kwa sauti ya mtoto anayesoma shairi mbele ya mkaguzi. Mademoiselle akaiva mashavu. Bwana akataka kuambiwa nimesema nini: "Qu'est-ce qu'elle dit?" Mademoiselle akakataa kwa kichwa. Bwana akauliza mara ya pili, kwa ukali. Basi Mademoiselle akainama, akamnong'oneza. Bwana akamtazama Mama, kichwani mpaka miguuni, kwa muda, kama alivyotazama choo. Kisha akafungua faili, akaandika.

Mpaka leo nikikumbuka, mwili wote unanisisimka. Mbele ya mwanamume, tena mgeni, tena Mzungu! Jambo ambalo Mama hakumtamkia hata mumewe, alilolieleza kwa kugeuza uso ukutani tu, mimi nililitandika mezani pamoja na vikombe. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha meza kwa mikono yote miwili. Nilimwangalia nikingoja anitabasamie, na nilipoona uso wake ndipo nilipojua kwamba nimefanya jambo baya kuliko yote, ingawa sikujua ni jambo gani.

Papa ndiye aliyesema. Alisema kwanza kwa Kifaransa, halafu akarudia kwa Kiswahili, na nadhani alirudia kwa ajili ya Mama: "Miye napendaka keki ya chumvi." Akaomba kipande cha pili. Akakila chote, hata makombo, wageni wanamtazama.

Walipoondoka, Mama aliniita. "Uliweka ngumi ngapi?"

"Mbili."

"Sababu gani mbili?"

"Sababu bageni ni bakubwa. Nilitaka usilie tena."

Alikaa chini, sakafuni, na nguo zake za kanisani. Nilifumba macho nikingoja kofi. Kofi halikuja. Nilipofumbua, Papa alikuwa amekaa sakafuni karibu yake, na suruali yake iliyopigwa pasi na viatu vyake vinavyong'aa. Keki iliyobaki tuliwatupia bata wa jirani. Bata waliichunguza, wakaenda zao.

Majibu yalichukua wiki nyingi. Joto likaanza, mawingu yakaanza kujikusanya mchana, na Kambo akashuka kwenye lori lake. Alikuja peke yake, lakini alikuwa na kitenge kipya cha yule binti ndani ya mzigo, alituonyesha. Mama alikisifu. Usiku hakulala, asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba, na Jumanne alirudi kutoka foyer mapema, akasema kichwa kinamuuma.

Ijumaa ile Papa akaja na bahasha ndani ya koti. Alisimama mlangoni, akatutazama sote watatu, mama yake, mke wake, mtoto wake. Akasema, "Bamekubali."

Mama hakusogea. Alimtazama Papa kwa muda mrefu sana, mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akainuka, akapiga vigelegele hata majirani wakatoka nje.

"Basi Bazungu ndio bamekuwa bazazi yako?" Kambo akasema.

"Mama, nikioa wa pili, bananinyang'anya karte. Pengine na kazi, pengine na hii nyumba. Nifanye je?"

Kambo alilia, akatukana Wazungu wote mpaka na babu zao, akafunga mzigo wake na kile kitenge. Baadaye tukasikia yule binti ameolewa na mwenye mitumbwi kule Luapula, na kwamba alizaa watoto saba. Mama hakuzaa tena. Aliniita kutia chumvi mpaka nilipofika umri wa kuelewa naitiwa nini, nami nilikuwa natia ngumi moja, nikiwa nimeinamisha kichwa.

Na ile keki ikageuka kicheko cha nyumbani. Miaka yote! "Keki ya chumvi iliwashinda Wazungu," Papa alikuwa akisema kwa wageni, anacheka mpaka machozi, na mimi nikapata utukufu wangu. Niliisimulia kwenye harusi yangu mwenyewe. Karte yenyewe sikuiona. Papa alisema kitu kama kile si cha kuchezewa, kiko ndani ya sanduku la bati. Wenye karte wengine walikuwa wakitembea mjini jioni kujionyesha, Papa alikuwa nyumbani kabla ya king'ora cha jioni cha kuwazuia watu kutembea, kila siku. Tukasema, tazama mtu mnyenyekevu.

Alikufa mzee, kitandani kwake. Baada ya matanga nikafungua lile sanduku ili nipange vitu vyake, na kusema kweli nilikuwa naitafuta karte, nimwonyeshe binti yangu. Nilikuta kalamu, picha za ndoa, cheti changu cha ubatizo. Karte, hakuna. Chini kabisa kulikuwa na bahasha, na ndani yake barua moja ya Kifaransa, imekunjwa mara nne.

Ombi limekataliwa. Niliisoma mara tatu. Sababu zilikuwa mstari mmoja tu: mke wa mwombaji bado anashika desturi za kishenzi jikoni mwake, na anamfundisha mtoto.

Ni mimi! Mdomo wangu, ngumi zangu mbili! Na Papa aliisoma barua hiyo njiani, peke yake, akaikunja, akaja kusimama mlangoni akamdanganya mama yake mzazi machoni, akaendelea kudanganya hadi kaburini, akicheka na wageni. Nyumba ile yote tulilala ndani ya neno moja la uongo, na hakuna karte yoyote iliyomzuia kuoa.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani. Aliona karatasi mkononi mwangu.

"Ni nini?"

"Ni karatasi ya kazi, mama. Ya zamani."

"Ile yenye walimukatalia," akasema.

Nikakaa chini.

"Mademoiselle aliniambia Jumanne, pale foyer, tuko tunashona. Alilia. Papa yako alikuja na barua Ijumaa."

"Na ukapiga vigelegele!"

"Nilipiga. Alisema bamekubali, mbele ya mama yake. Ningefanya je? Nimupatishe haya?" Akanyoosha kitambaa chake, akaangalia mlango wa chumba cha Papa. "Irudishe pale uliitoa. Papa yako asijue kama miye nilijua."

Papa alikuwa na siku tisa ardhini. Nikaikunja mara nne, nikairudisha.